Risasi za Kopo la Bluu

Mpelelezi Marit Tollefson alisimama katikati ya gereji ya mzee Wendell Skaar akiwa na hasira ya tangu Jumatatu, na kila alichokitazama kilimwongezea. Wenzake wa ofisi ya Sherifu walikuwa wameipekua gereji ile kama kuku wanavyopekua jalala. Droo zilimwagwa sakafuni. Kalibu za chuma, ambazo mzee alikuwa akizipangusa kwa kitambaa cha mafuta kwa miaka arobaini, zilitupwa ndoo moja na misumari mikuukuu. Na baada ya kazi yote hiyo, ripoti yao ilikuwa na sentensi moja tu: vifaa vya kutengenezea risasi vimepatikana. Utadhani katika Bonde zima la Sorrel ipo gereji isiyo na vifaa hivyo. Nusu ya watu wa bonde wanayeyusha madini na kusubu risasi zao wenyewe nyumbani, na nusu iliyobaki wanaomba kwa hao.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumatatu asubuhi Royce Amundrud, mgawa maji wa mfereji mkuu, alikutwa amekufa kando ya lango la maji. Risasi ilimpita shingoni ikaenda kutua ndani ya robota la nyasi kavu nyuma yake, na kwa kuwa nyasi ni laini, ilitolewa humo karibu nzima. Ubavuni ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Mstari huo watu wa bonde wanaujua: kalibu ya Wendell ina mkwaruzo, na kila risasi inayotoka humo inatoka na unywele wake. Isitoshe, Ijumaa iliyotangulia Wendell alisimama mgahawani mbele ya watu kumi na wawili, akamwambia Royce kwamba akimfungia maji tena atamtia risasi. Sherifu Brandt Ostby hakuhitaji kusikia zaidi. Jumatatu hiyohiyo jioni mzee wa miaka sabini na mmoja akalala rumande.

Leo ilikuwa Alhamisi. Saa tisa alasiri jaji angeamua kama Wendell atoke kwa dhamana au apelekwe gereza la jimbo, maili mia mbili kutoka hapa, akasubiri kesi huko. Hilo la pili ndilo alilolitaka Sherifu, na alichokitaka Sherifu kwa kawaida alikipata.

Marit akaanza upya, polepole, kama ilivyopasa kufanywa tangu siku ya kwanza. Juu ya meza ya mbao ulikuwepo mtambo wenyewe: sufuria ya umeme ya kuyeyushia, mota ndogo, mkono wa chuma wa kufungua na kufunga kalibu, na feni ya kupoza. Mzee aliununua majira ya baridi yaliyopita, vidole vilipoanza kukakamaa. Ukutani yalipangwa masanduku ya risasi zilizokwisha kujazwa. Akayafungua yote. Kila risasi ilikuwa ya kijani, kwa sababu Wendell huvipaka vichwa vyake unga wa rangi na kuvioka kwenye oveni kuukuu hadi ving'ae. Akazigeuza mia mbili na zaidi mbele ya taa, na zote zilikuwa laini kama mbegu za tikiti.

Risasi iliyomuua Royce haikuwa ya kijani. Ilikuwa ya kijivu, tupu, imepakwa nta ya nyuki, na ubavu wake ulikuwa na mikunjo. Marit alilisema hilo tangu Jumanne. Sherifu akamjibu kwamba mzee aliacha rangi makusudi ili asitambulike. Marit akamuuliza inakuwaje mtu awe na akili ya kuficha rangi akasahau unywele ambao bonde zima linaujua. Sherifu akamwambia afunge mlango akitoka.

Kwenye rafu juu ya mtambo, vumbi lilikuwa limetanda kote isipokuwa mahali pamoja, duara safi lenye upana wa kopo la kahawa. Kitu kilikuwa kinakaa pale kila siku, na sasa hakipo. Katika orodha ya vitu vilivyochukuliwa na polisi hakukuwa na kopo. Marit akalipiga picha duara lile, akaandika kipimo chake. Juu ya bomba la maji, mlangoni, kulikuwa na kibao kilichofifia chenye mwandiko wa kike, maana vumbi la madini ya risasi ni sumu: NAWA MIKONO KABLA HUJANIGUSA.

Mwenye mwandiko huo alikuwa jikoni. Opal Skaar alikaa mezani akiwa amevaa sweta licha ya joto la Agosti, sahani ya uji wa shayiri imepoa mbele yake. Ni miaka mitatu sasa tangu akili yake ianze kupotea, na watu wote wameshamtoka kichwani ila mumewe. Jirani yao Luella, aliyekuwa akilala pale tangu Wendell akamatwe, alimwambia Marit kwa sauti ya chini kwamba Opal hajatia kitu kinywani tangu Jumatatu zaidi ya maji. Anafumba mdomo kama mtoto. Daktari amesema ikifika Jumamosi hali hii haijabadilika, watampeleka hospitali.

"Watu wanajitahidi," Luella alisema. "Hata Gaylen Brekke jana kaleta samaki watatu, kawavua mwenyewe. Mtu mwema yule. Lakini Opal hali kitu, nifanyeje?"

Opal akainua macho, akamtazama Marit kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Wendell yuko gereji?"

Marit akamsogezea sahani ya uji. Akatoka, akaubamiza mlango wa gari hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Rumande walikuwa wamempa Wendell nguo za rangi ya chungwa zilizomzidi kimo. Alikuja akiburuza mikunjo ya suruali, akaketi, na kabla ya salamu akauliza kama mkewe amekula. Marit alimwambia ukweli. Mzee akaweka mikono yake miwili mezani.

Marit akamuuliza tena alikuwa wapi Jumatatu asubuhi, naye akajibu vilevile alivyojibu mwanzo, kwamba alikuwa akimwosha Opal nywele. Shahidi wake ni Opal. Hapo ndipo kesi ilipokuwa imekwama kama gari matopeni. Marit akafungua jalada, akatoa picha ya risasi iliyokuzwa, ambayo siku zote nne hakuna aliyefikiri kumwonyesha mtuhumiwa.

"Hii ndiyo iliyomuua Royce."

Wendell akaisogeza karibu na macho. Uso wake uliokuwa umepauka ukaanza kuiva kutoka shingoni kupanda juu.

"Nani kasema hii yangu?"

"Ina unywele wa kalibu yako, mzee."

"Unywele nauona, sijapofuka. Nauliza nani kasema mimi nilichukua takataka hii nikaitia ndani ya ganda nikaipiga. Tazama mikunjo. Itazame basi. Baba yako angekuwa hai angeona aibu, binti wa Tollefson, kwamba umekaa na picha hii siku nne hujaona kitu."

"Mzee, unashtakiwa kwa kuua mtu."

"Hilo nimelisikia tangu Jumatatu. Hili la leo ndilo tusi."

Akaisukuma picha mbali, na Marit, aliyewahoji waongo wengi maishani, aliona kwamba mtu huyu kashtakiwa kwa mauaji akavumilia, lakini kuambiwa kwamba amepiga risasi mbovu hawezi. Akamwacha aseme. Ikamtoka yote. Mtambo ukiwashwa, kalibu inakuwa bado baridi. Madini ya moto yakimwagika kwenye kalibu baridi yanaganda kabla hayajaenea, yanatoka yamekunjamana. Kila msubuji anajua, awe na mtambo, awe anamimina kwa mkono. Kwa hiyo yeye akiwasha mtambo humimina kikombe cha kahawa, akaketi. Chochote kinachodondoka wakati anakunywa kahawa ile hakikaguliwi, hakipakwi rangi, hakihesabiwi. Kinaingia kwenye kopo la bluu. Kikombe kikiisha, kalibu imepata moto, na hapo ndipo anaanza kusubu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na baba yake kabla ya hapo.

"Kopo hilo linakaa wapi?"

"Rafuni, juu ya mtambo."

"Halipo. Kuna duara tu kwenye vumbi."

Hasira haikumtoka Wendell, ila sasa ilikuwa inatafuta pa kwenda.

"Basi liko kwa Gaylen," alisema. "Gaylen Brekke, jirani yangu wa chini, mwenye nyuki. Tangu majira ya machipuko analichukua likijaa, anayeyusha vile vichwa anatengeneza chubwi za kuzamishia nyuzi za ndoana. Kopo analirudisha na samaki. Nilimwambia kwa mdomo wangu, za kopo hili ni za samaki tu."

"Anajaza risasi?"

"Anajaza, lakini kusubu hajui. Alikuwa hata hajui kwa nini nazitupa. Alisema ni israfu."

Ili kufika kwa Gaylen Brekke unafuata mfereji kuelekea chini. Mwaka ule mvua ilikuwa imelikimbia bonde, na mashamba ya pande zote mbili yalikuwa yamekauka rangi ya karatasi ya kufungia nyama. Royce alimfungia Wendell maji kwa sababu maji yalikuwa yanapotea mahali fulani chini ya lango lake, na aliyekuwa karibu ndiye aliyeshukiwa. Marit alikata kona ya mwisho akapunguza mwendo. Shamba la lusini la Gaylen, majani ya malisho yanayotaka maji mengi, lilikuwa la kijani mpaka uzioni, limesimama hadi magotini. Alisimamisha gari, akalipiga picha, kisha akakaa akihesabu mpaka ishirini, maana angeshuka wakati ule angeharibu kazi.

Gaylen alimpokea kwa tabasamu na kofia mkononi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Akaanza kwa kumsikitikia Wendell. Akasema hasira za mzee zilijulikana, na uzee ukichanganyika na ugonjwa wa mke, mtu hufanya mambo. Marit akamwuliza habari ya kopo la bluu. Gaylen hakustuka. Akamwongoza hadi kwenye banda lake, akamwonyesha chubwi zilizotundikwa kwenye msumari, kama thelathini hivi.

"Hizo hapo, bibie. Kopo zima. Niliziyeyusha wiki iliyopita kwenye jiko la nje."

Marit akaishika moja, akaigeuza. Kitanzi chake cha waya kilikuwa kimeliwa na kutu, na katikati ya kutu kulikuwa na ukoka mkavu wa mtoni. Akaishika ya pili, ikawa hivyohivyo. Wiki moja haitoshi kufanya kutu ile hata ukiiweka kwenye siki. Akazirudisha msumarini, akauliza kopo lenyewe liko wapi. Gaylen akasema amelitupa. Marit akauliza anajaza risasi zake kwa vichwa gani. Gaylen akasema vya kununua dukani, siku zote, maana vya Wendell vimeharibika tangu mzee aanze kutegemea mashine.

"Naomba nizione."

Tabasamu likabaki palepale, lakini mtu alikuwa ameliacha peke yake.

"Bibie, wewe ni mtoto wa bonde hili, unajua taratibu. Leta karatasi ya jaji, nitakufungulia hata kabati la marehemu mke wangu. Bila karatasi, nina nyuki wananingoja."

Alikuwa na haki kisheria, na hilo ndilo lililomuuma Marit kuliko yote. Kutu na lusini si ushahidi wa kumpelekea jaji. Saa yake ilisema saa sita kasoro robo.

Sherifu Ostby alikuwa anakula mkate wa nyama mezani kwake. Alimsikiliza Marit huku akitafuna, na alipomaliza kusikiliza akafuta mdomo, akasema kwamba yeye haendi kwa jaji na hadithi ya kikombe cha kahawa. Marit akarudia kwa utaratibu: kopo halipo, chubwi ni za zamani, lusini ni ya kijani wakati bonde zima limekauka, na msubuji hapigi risasi ya kopo. Sherifu akainua sauti. Marit naye akainua ya kwake. Nje, karani aliacha kuchapa ili asikie vizuri.

"Msubuji hapigi!" Sherifu akasema. "Unamzungumzia Wendell wa zamani. Tangu anunue ule mtambo, risasi zake ni za kutupa, wote wanajua. Mimi mwenyewe nilipewa sanduku zima wakati wa Pasaka. Nililenga mkebe hatua kumi na tano, nikapiga uzio wa mama mkwe. Zimekunjamana kama zabibu kavu. Kwa hiyo usiniambie mzee hapigi risasi zenye mikunjo. Anagawa."

Marit, aliyekuwa ameshafungua mdomo kujibu, akaufunga. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini.

"Wendell ndiye aliyekupa?"

"Hapana, alinipa Gaylen. Vichwa vilikuwa vya Wendell, yeye alijaza."

Baada ya kusema hivyo, Sherifu aliutazama mkate wake kama kwamba ndani yake kumetokea mfupa.

"Sanduku liko wapi, mkuu?"

Lilikuwa ndani ya gari la Sherifu, chini ya kiti cha dereva, limebanwa kati ya kamba na koti la mvua. Bondeni kwetu watu wanapeana risasi kama wengine wanavyopeana sukari: Pasaka, ubatizo, mtu akitoka hospitali. Na kila ajazaye risasi huandika jina lake juu ya sanduku, ili ikikulipukia ujue wa kumlaumu. Ni desturi iliyoingia damuni, kama mwanamke anavyobandika jina lake chini ya bakuli analolipeleka msibani. Hata mwenye la kuficha mkono wake huandika wenyewe. Juu ya kifuniko, kwa wino mweusi usiofifia, palikuwa na maneno haya: Vichwa vya Skaar. Nimejaza mimi, G. Brekke, Aprili. Kwa Brandt, Pasaka njema.

Marit alivaa glavu, akafungua. Zilibaki arobaini na moja. Akachukua mojawapo, akaichomoa kichwa kwa koleo la maabara, akakiweka juu ya karatasi nyeupe kwenye boneti. Kilikuwa cha kijivu, bila rangi. Mikunjo ilikuwepo na unywele pia ulikuwepo. Sherifu akainama, akanusa, akajiinua taratibu. Kilinukia asali.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakuwahi kufikiria kiti cha gari la Sherifu.

"Siku nne," Marit alisema. "Mama mzima hajala siku nne. Mzee anaburuza suruali ya wafungwa. Na wewe ushahidi umeukalia, mkuu. Umeukalia kwa makalio, unaupeleka mjini na kuurudisha."

Mtu mwingine angefukuzwa kazi palepale. Ostby alivua kofia, akaivaa, akaingia ndani kumpigia jaji simu yeye mwenyewe, na akasoma maneno ya juu ya kifuniko kwa sauti inayosikika hadi kwa karani, pamoja na ile Pasaka njema.

Karatasi ilisainiwa saa saba. Saa saba na nusu walikuwa kwa Gaylen, na safari hii Marit alisimamia upekuzi mwenyewe, droo moja baada ya nyingine, na kila kilichofunguliwa kikafungwa. Kopo la bluu lilikuwa chini ya meza ya kujazia, limejaa nusu. Bastola ilikuwa ndani ya mzinga mtupu wa nyuki, imeviringishwa kwenye gunia. Bomba la kuibia maji walilikuta baada ya kuchimba ardhi kando ya lusini: refu, jeusi, limezikwa kina cha mkono mmoja, likinyonya kutoka mferejini hatua ishirini chini ya lango la Wendell. Pembeni yake kulikuwa na kijiti chenye kitambaa chekundu, alama ambayo Royce alikuwa akiichomeka mahali anapotaka kurudi kuchimba.

Gaylen aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaomba maji. Hakukana kwa muda mrefu. Alisema Royce alimfuata Jumatatu alfajiri, akamwambia amelikuta bomba, kwamba sasa anakwenda kumwomba Wendell radhi na kumfungulia lango, na baada ya hapo anakwenda ofisini. Gaylen akamfuata hadi langoni, na mengine yalitokea haraka.

Marit alitaka kujua jambo moja. Je, alizitumia risasi zile makusudi ili Wendell aonekane ndiye?

Gaylen alionekana kushangaa kweli.

"Hapana. Sikufikiria hata kidogo. Ndizo zilizokuwa ndani ya bastola. Nilizipata bure."

"Na walipomkamata Wendell?"

"Ana miaka sabini na mmoja, bibie. Gerezani angelishwa. Mimi nina shamba."

"Na Opal?"

"Nilimpelekea samaki," Gaylen alisema, na aliyasema kama mtu anayetaja wema wake.

Marit alimfunga pingu. Zilikaza kidogo kuliko ilivyo lazima, na katika taarifa yake hakuandika kwamba zilikaza. Sherifu aliyekuwa amesimama mlangoni aligeuka akatazama mizinga.

Saa tisa mwendesha mashtaka alisimama mbele ya jaji akaondoa shtaka kwa dakika mbili, bila kumtazama mshtakiwa. Hakuna aliyeomba radhi. Marit alimngojea Wendell kwenye mlango wa nyuma, akampakia garini. Mzee alikuwa amevaa tena nguo zake za Jumatatu, pindo la mkono wa shati bado lina alama ya sabuni ya nywele. Hadi wanapita mgahawa hakuuliza. Walipofika mferejini akauliza, na Marit akamweleza yote, hadi ya samaki.

Alitegemea matusi. Wendell alitazama mashamba yaliyokauka.

"Zamani nilikuwa nazirudisha sufuriani mwenyewe," alisema. "Kila moja. Kopo likijaa, linarudi kwenye moto, haitoki hata moja gereji. Baba angenichapa. Mwaka huu nikasema mgongo unauma, kuinama kunanichosha, acha Gaylen abebe. Nilimpa kwa mikono yangu, binti. Nilimpa na kifuniko."

"Wewe ulimpa za samaki."

"Nilimpa."

Marit akabadilisha gia, akaendelea kuendesha.

Luella aliwafungulia mlango, akajitenga pembeni akiwa na kitambaa mdomoni. Opal alikuwa mezani palepale, kwa sweta lilelile, mbele ya sahani mpya iliyopoa. Alisikia hatua. Wendell alisimama kizingitini bila kuvuka, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alionekana mtu anayeogopa. Opal akamtazama tangu viatu hadi kichwani, akakunja uso.

"Umenawa mikono?"

"Bado, mama."

"Basi usinisogelee."

Wendell akaenda kwenye bomba la jikoni. Akachukua sabuni. Marit alifungua friji, akatoa wale samaki watatu na sahani yao, akatoka nao hadi kwenye pipa la takataka nyuma ya gereji, akawatupa, na sahani akaitupa pia, ikavunjika vizuri. Aliporudi, maji yalikuwa bado yanatiririka. Mzee alikuwa ameinama juu ya sinki, anasugua viganja, kati ya vidole, mgongo wa mkono, anaanza tena upya, sabuni inatoka nyeupe na yeye anaendelea kusugua. Luella alitaka kwenda kumzuia. Marit akamshika mkono.

Opal alivuta kiti cha pili.

"Yatosha, Wendell," alisema. "Imetakata. Njoo tule."

Kisha akashika kijiko.